Futa Hiyo Picha: Kamera na Walinzi Katika Ukanda wa Dhahabu

Lundo la mawe ya taka la mgodi wa Geita halijifichi. Limekuwa likipanda tangu mwaka 2000, mgodi ulipoanza kutoa dhahabu, na sasa ni kilima miongoni mwa vilima, kinachoonwa kila asubuhi na mtoto aendaye shule, mama muuza dagaa na utingo wa lori la pamba. Hakuna anayekatazwa kukitazama. Lakini asimame mtu kando ya uzio, atoe simu, aielekeze kule kule mji mzima unakotazama, na mara nyingi hatamaliza kutafuta pembe nzuri kabla sauti haijamfikia: "We! Unapiga picha ya nini?" Yatafuata maswali ambayo wenyeji wa Geita, Kahama na Mwadui wameyazoea kiasi cha kuyajibu kabla hayajaulizwa. Umetumwa na nani? Unatoka ofisi gani? Kibali kiko wapi? Mwishoni huja amri, na amri ni moja popote pale: futa hiyo picha.

Amri hiyo hutamkwa na watu wa aina tatu. Yupo askari wa serikali, yupo mlinzi wa kampuni, na yupo mwanakijiji: mgambo, sungusungu, mwenyekiti wa kitongoji, au kijana tu aliyemwona mgeni. Maneno yao hufanana mno hata tukadhani mamlaka yao nayo ni mamoja, na hapo ndipo mjadala mzima huharibika. Wa kwanza ana sheria, ingawa huinyoosha kupita ilivyoandikwa. Wa pili ana nguvu nyingi na sheria kidogo. Wa tatu hana sheria ya kamera wala mshahara, lakini mara nyingi sababu yake ni nzito kuliko za wenzake wote wawili.

Tuanze na dola, maana kwake ndiko desturi hii ilikozaliwa. Sheria mbili ndizo mama. Ya kwanza ni Sheria ya Maeneo na Sehemu Zinazolindwa ya mwaka 1969, inayompa waziri uwezo wa kutangaza mahali fulani kuwa pa ulinzi na kudhibiti nani aingie na nani akae humo. Ya pili ni Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, inayomtia hatiani mtu anayesogelea, kukagua au kuchora mahali pa namna hiyo kwa nia ya kuidhuru nchi. Ukizisoma leo, ukiwa Shinyanga mjini, zinaonekana kama maandishi ya watu wenye hofu isiyo na mpaka. Ukizirudisha kwenye miaka yake, zinaeleweka. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mreno alikuwa Msumbiji, walowezi walikuwa Rhodesia, na Tanzania ilikuwa imewapa wapigania uhuru makambi na ofisi. Jasusi hakuwa mtu wa hadithi. Miaka michache baadaye, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka lililo juu ya Mto Kagera, na nchi nzima ikajifunza kwamba daraja ni shabaha.

Hivyo kizazi kizima cha Kanda ya Ziwa kilikua kikijua, bila kusoma kifungu chochote, kwamba daraja, stesheni ya reli, bandari, benki na kambi havipigwi picha. Mzee aliyekulia miaka ya 70 hahitaji kibao kumkumbusha. Jambo la kuchekesha ni jinsi desturi hiyo inavyoyeyuka pale serikali yenyewe inapotaka kuonekana. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, liko kwenye njia hiyo hiyo ya Mwanza kwenda Geita. Kwa mantiki ya mwaka 1970 lingekuwa siri kubwa kuliko zote za kanda hii. Badala yake limepigwa picha na kila mtu, kuanzia ndege zisizo na rubani za serikali hadi maharusi. Hakuna kifungu kilichofutwa ili hayo yawezekane. Kilichobadilika ni nani anafaidika picha ikisambaa. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2017, makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yalipozuiwa katika bandari ya Dar es Salaam. Mizigo iliyotoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ambayo kwa miaka mingi mpita njia wa Kahama asingethubutu kuielekezea kamera, ilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa mpaka watoto wakajua rangi ya mchanga wake.

Sheria hizo mbili, kwa ukali wake wote, hazisemi yale ambayo walinzi wengi wanadhani zinasema. Hazisemi kamera ni kosa. Zinataka mambo mawili: mahali pawe pametangazwa, na mpigaji picha awe na nia mbaya dhidi ya usalama wa nchi. Anayesema "hapa ni eneo la ulinzi" ni juu yake kuonyesha nani alilitangaza na lini, kwa sababu tangazo la namna hiyo huandikwa, halikisiwi. Nje ya maeneo hayo, ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Ibara ya 16 inalinda faragha, na ibara ya 30 inaruhusu haki hizo kuwekewa mipaka kwa sheria. Kwa sheria, yaani si kwa filimbi wala kwa ukali wa uso.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawaujui. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inadai kibali kwa anayetengeneza filamu, na marekebisho ya 2019 yalimtaka mtengeneza filamu wa kigeni awasilishe hata picha ghafi kwa Bodi ya Filamu. Sheria hiyo iliandikwa wakati picha mnato na picha jongefu zilihitaji mashine mbili tofauti na watu wa aina mbili. Leo kidole kimoja kinahama kutoka hii kwenda ile kwenye simu ya laki moja na nusu, na askari anayetaka kukubana ana pa kukushikia.

Askari na kamera wanapokutana, lililo hatarini si simu peke yake. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten, aliuawa na polisi Nyololo, wilayani Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akiwa kazini kwenye mkutano wa chama cha siasa. Picha zilizopigwa na wenzake zilimwonyesha amezingirwa na askari, na zilisambaa kabla maelezo rasmi hayajakamilika. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa na Mahakama Kuu, Iringa, kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Iringa ni mbali na Geita, lakini kila mwandishi wa Kanda ya Ziwa ninayemfahamu anaikumbuka kesi hiyo anapoambiwa afute, kwa sababu anajua kwamba kama wenzake Mwangosi wangefuta siku ile, tungebaki na masimulizi yanayopingana tu.

Sasa kampuni. Hapa ndipo ukanda wa dhahabu unapotofautiana na mikoa mingine, kwa kuwa mtu wa kwanza kukusimamisha kwa kawaida si polisi bali ni mlinzi aliyevaa sare ya kampuni ya ulinzi iliyoajiriwa na mgodi. Ndani ya uzio hakuna ubishi: mwenye mali ana haki ya kupanga nani aingie na kamera, kama vile mwenye nyumba anavyopanga sebuleni kwake. Ubishi unaanzia nje ya uzio, barabarani, kwenye shamba la mihogo lililopakana na mgodi, kwenye njia ya ng'ombe ambayo ilikuwapo kabla ya leseni. Sheria ya Madini inampa mwenye leseni haki ya kilichomo ardhini. Haimpi haki juu ya kile kinachoonekana kutoka barabara ya umma.

Mlinzi wa kampuni, kisheria, ni raia kama wewe. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa ya aina fulani mbele ya macho yake, kwa sharti kwamba amfikishe polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kupekua simu. Hata polisi, akichukua kitu katika upekuzi, sheria inamtaka atoe stakabadhi. Na kuhusu kufuta, hebu tufikiri taratibu. Ikiwa picha ni kosa, basi picha hiyo ndiyo kielelezo cha kesi, na kuifuta ni kuharibu ushahidi. Ikiwa si kosa, hakuna mwenye uwezo wa kuamuru ifutwe. Hakuna njia ya tatu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ile ile inayowatisha waandishi, imefanya kuwa kosa kufuta taarifa za kompyuta za mtu mwingine kinyume cha sheria, na simu yako ni kompyuta. Mlinzi anayekunyang'anya simu na kufuta mwenyewe anatenda jambo lililo karibu zaidi na kosa la jinai kuliko wewe uliyepiga picha ya kilima. Simshauri mtu yeyote amsomee mlinzi kifungu hicho saa moja jioni kwenye lango la mgodi.

Kwa nini basi mlinzi anafanya hivyo? Ukimsikiliza badala ya kumlaumu, hesabu yake ni nyepesi. Picha ikivuja na meneja akaulizwa na makao makuu, mlinzi wa zamu ile ndiye atakayeitwa, na kazi yenyewe ni ya mkataba mfupi. Akiwasimamisha wapita njia ishirini bure, hakuna atakayemuuliza. Kosa la kuachia lina adhabu, kosa la kuzuia halina. Makampuni makubwa ya ukanda huu, AngloGold Ashanti ya Geita na Barrick ya Bulyanhulu, yamejiunga na Kanuni za Hiari za Usalama na Haki za Binadamu zilizoanzishwa mwaka 2000, zinazotaka walinzi wafundishwe mipaka ya nguvu zao. Ni jambo jema. Lakini hesabu ya mlinzi haibadiliki kwa semina, inabadilika siku ambayo kumzuia mtu bila sababu kutamgharimu mtu fulani kitu.

Mwadui ni mahali pazuri pa kuona hesabu hiyo ilikotoka na ilikofika. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, alipata almasi hapo mwaka 1940, na mgodi ukawa mji ndani ya mji, wenye uzio wake, hospitali yake, uwanja wake wa ndege na walinzi wake. Hofu ya wizi ilikuwa na msingi. Almasi ya thamani ya nyumba inamezwa na kupita getini tumboni, jambo ambalo mtu hawezi kulifanya na tani ya mawe ya dhahabu. Kutoka kwenye hofu hiyo ulizaliwa utamaduni wa kumshuku kila anayekaribia, na utamaduni huo ulihama kutoka mmiliki hadi mmiliki. Novemba 2020 shirika la RAID la Uingereza lilitoa ripoti juu ya vipigo na risasi dhidi ya wanakijiji waliokutwa ndani ya eneo la leseni ambalo sehemu kubwa halikuwa na uzio. Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa mmiliki mkuu wakati huo, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 katika mapatano na walalamikaji 71, bila kukiri kuwajibika kisheria.

Ushahidi wa kesi kama hizo ni nini? Ni makovu, kadi za hospitali na maneno ya watu. Kila upande ulikuwa na jambo la kueleza, lakini picha za matukio yenyewe hazikuwa kitu ambacho mwanakijiji angeweza kupiga na kuondoka nacho. Linganisha na tarehe 7 Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi huo huo lilipobomoka. Siku hiyo hakukuwa na mlinzi wa kutosha kuzuia simu zote za Kishapu, na baadaye picha za satelaiti zikaonyesha tope lilivyotambaa mashambani. Ubishi juu ya nini kilitokea ulikuwa mfupi sana. Kilichobaki kujadiliwa ni fidia, jambo ambalo ndilo lilistahili kujadiliwa.

Lakini kesi iliyo kubwa kuliko zote katika ukanda huu, ile ambayo haijapoa hata sasa, ni Bulyanhulu. Mwishoni mwa Julai 1996 serikali iliamuru wachimbaji wadogo waondoke katika eneo hilo, wakati huo likiwa wilaya ya Kahama, ili kuipisha kampuni ya Kahama Mining iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Mwanzoni mwa Agosti maduara, yaani mashimo yao ya kuchimbia, yakaanza kufukiwa. Wachimbaji walisema wenzao zaidi ya 50 walikuwa bado chini. Serikali na kampuni zilikanusha tangu siku ya kwanza. Amnesty International ilitaka uchunguzi huru. Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini kwa chini ukaanza uzalishaji.

Mwaka huo huo jambo lilirudi kwa nguvu, na lilirudi kwa njia ya picha. Timu ya wanasheria wa mazingira, LEAT, iliyokuwa na Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, ilisema ina mikanda ya video inayounga mkono madai ya wachimbaji. Waliokanusha walisema mikanda hiyo haionyeshi kinachodaiwa. Novemba 2001 polisi walipekua ofisi za LEAT jijini Dar es Salaam wakitafuta ushahidi huo, na Nshala akakamatwa. Mwaka 2002 wanasheria hao wawili pamoja na Augustine Mrema, mwenyekiti wa chama cha TLP, wakakabiliwa na mashtaka ya uchochezi. Machi mwaka huo wajumbe wa mashirika ya kimataifa waliokuja kuchunguza walizuiwa na polisi wasifike Bulyanhulu. Baadaye ofisi ya Benki ya Dunia inayoshughulikia malalamiko ikasema haikupata ushahidi wa kuthibitisha madai.

Sijaribu kuamua hapa nani alisema kweli kuhusu waliobaki chini. Jambo ninalolitazama ni jinsi ubishi ulivyohama. Ulianza kuwa juu ya watu, ukawa juu ya kanda: nani alirekodi, wapi, siku gani, nani anayo, nani aikamate. Ushahidi ulipokuwa mchache namna ile, kila kipande kilipata uzito kupita kiasi, na kila upande ukawa na sababu ya kukishuku kipande cha mwenzake. Watetezi wa kampuni wanaoamini kwamba hapakufa mtu wangepaswa kuwa wa kwanza kusikitika kwamba hapakuwa na kamera mia moja pale. Kuzuia picha kunamlinda mwenye hatia, lakini asiye na hatia humwacha bila utetezi kwa miaka thelathini.

Siku hizi kamera mia moja zipo. Oktoba 2015 machimbo ya Nyangarata, Kahama, yalipoporomoka, wachimbaji watano waliishi chini kwa siku 41 kabla ya kuokolewa. Januari 2017 wachimbaji 15 waliofukiwa Nyarugusu, Geita, walitolewa wakiwa hai. Agosti 2025 wengine 25 walifukiwa Nyandolwa, Shinyanga. Katika matukio ya namna hii simu za wachimbaji wenyewe hutangulia, na maofisa wanaofika baadaye hujikuta wakijibu maswali ya watu waliokwisha kuona. Ni vigumu sasa kuzika habari katika ukanda huu, hata pale inapokuwa rahisi kumfukia mtu.

Naja kwa mtu wa tatu, ambaye waandishi wa mijini humdharau haraka. Sungusungu walianzia huku huku, katika vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na jirani zake, mwanzoni mwa miaka ya 80, ng'ombe walipoibwa na silaha za vita vya Kagera zilipozagaa. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuvipa vikundi hivyo uwezo wa kukamata. Hivyo mgeni anayepiga picha kijijini akaitwa na vijana wenye fimbo na filimbi, akapelekwa kwa mtendaji, hajatekwa. Amekutana na serikali ya kijiji kama ilivyo. Utaratibu wenyewe unajulikana: ulipaswa kuanzia ofisi ya kijiji, ukasalimia, ukasema umekuja kufanya nini, ukaandika jina kwenye kitabu cha wageni. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa kiti cha mbao na maji ya kunywa, na mzee mmoja anayekuambia, "Sasa bhabha, ungeanzia hapa tusingesumbuana."

Lakini mara nyingine hayaishii hapo. Oktoba 2016 huko Iringa-Mvumi, wilayani Chamwino, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian na dereva wao waliuawa na kundi la watu walioamini ni wanyonya damu. Walikuwa wakichukua sampuli za udongo. Hadithi ya mumiani ni ya zamani kuliko bendera yetu, na chombo chochote kisichoeleweka mkononi mwa mgeni kinaweza kuiamsha, awe na bomba la udongo au kamera yenye lenzi ndefu.

Na Shinyanga na Geita zina jeraha lao linalofanya hofu hiyo isiwe ujinga. Kuanzia takriban mwaka 2006 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na imani zilizohusishwa na mauaji hayo zilikuwa za utajiri, zikiwamo za uchimbaji na uvuvi. Watoto wengi walihamishwa kwenda shule ya Buhangija, Shinyanga mjini, wakakaa nyuma ya ukuta. Kisha wakaja wageni wenye kamera: waandishi, wafadhili, watu wa mashirika, kila mmoja akitaka uso wa mtoto, jina lake na kijiji alikotoka. Fikiria picha hiyo ilivyo kwa mtu anayemtafuta mtoto huyo. Kwa miaka mingi ukanda huu pia umewazika akina mama wazee waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu ya macho mekundu tu, macho ambayo moshi wa kuni ndio uliyapa rangi hiyo. Katika mazingira hayo, mlinzi wa Buhangija anayesimamisha kamera getini anafanya kazi yake sawasawa, na mimi niko upande wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, sasa inampa hata msingi wa maandishi: uso wa mtu ni taarifa yake, na wa mtoto unahitaji uangalizi zaidi.

Katikati ya mlinzi wa Buhangija na mlinzi wa lundo la mawe yuko mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, naye ananisumbua. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilichapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Picha zilikwenda duniani kote. Haishangazi kwamba leo, ukifika kwenye mwalo wa Rwamgasa au Mgusu ukainua simu, mwenye karasha anakuja mbio. Anasema analinda watu wake, na kwa sehemu ni kweli, maana mama anayeosha mchanga hakuomba sura yake iwe tangazo la umaskini. Lakini analinda pia mtoto asionekane kazini, mzigo usionekane na mtoza ushuru, na zebaki isionekane na ofisa wa mazingira. Hapa hakuna kanuni inayotosha peke yake. Mwandishi mwenye akili huongea kwanza na mama, si na mwenye karasha, kisha hupiga mikono, beseni na moshi wa kuchoma dhahabu, na uso hubaki wa mwenyewe.

Si huku kwetu peke yake. London baada ya mwaka 2001 ilikuwa na kisa chake: polisi walitumia kifungu cha 44 cha Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000 kuwasimamisha watu bila kuhitaji kuwashuku, wapiga picha wakiwa miongoni mwao. Mwandishi mmoja aliyekuwa akienda kurekodi maandamano nje ya maonyesho ya silaha mwaka 2003 alisimamishwa, akalalamika, na Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mamlaka hayo yalikuwa mapana kupita kiasi. Hoja iliyowashinda polisi wa Uingereza haikuwa kwamba picha ni takatifu. Ilikuwa kwamba askari hakutakiwa kueleza sababu.

Wakati huo huo, migodi na serikali zinatupiga picha sisi bila kutuuliza. Ukuta wa Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018 kulinda tanzanaiti, ulikuja na kamera zake. Soko la dhahabu la Geita, la kwanza la aina yake nchini, lilifunguliwa Machi 2019, na biashara ya namna hiyo haiendeshwi bila macho ya ukutani. Na juu ya vyote hivyo inapita satelaiti. Mtu aliyeketi Toronto anaweza kufungua ramani ya intaneti na kulikagua shimo la Nyankanga la mgodi wa Geita ngazi kwa ngazi, wakati mkazi wa Geita anafukuzwa kwa kupiga picha ya upande wake wa nje. Siri gani hiyo inayofichwa kwa jirani peke yake?

Kuna anayesema dawa ni kitambulisho. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilileta ithibati, na Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari sasa inafanya kazi. Mwandishi mwenye kadi atasimama getini kwa kujiamini zaidi, sawa. Lakini picha nyingi zenye maana katika ukanda huu hazikupigwa na mwandishi, zilipigwa na mchimbaji, mama wa jirani, au kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita bwawa lilipobomoka. Kadi ikizoeleka, swali la "uko na kitambulisho?" litampa mlinzi sababu mpya ya kumfukuza mtu asiyekuwa nayo, ingawa Katiba haikumtaja mwandishi, ilisema kila mtu.

Dawa nyingine ni ya bei nafuu zaidi, nayo ni kibao. Kibao chenye namba ya tangazo la serikali, tarehe, jina la mamlaka iliyotangaza na mchoro wa mpaka, kikiwekwa pale eneo linapoanzia. Mpita njia atajua, mlinzi atajua, na polisi wakija watajua wamsikilize nani. Vibao vya "Marufuku Kupiga Picha" tunavyo tele kutoka Usagara hadi Kahama, lakini vingi havisemi nani amepiga marufuku, kwa sheria ipi, wala kutoka wapi mpaka wapi. Sidhani ni kwa kusahau. Mpaka ukichorwa unamfunga anayepita asivuke, na unamfunga pia anayelinda, kwa kuwa hatua moja nje ya mstari huo atakuwa ni raia aliyevaa sare, asiye na la kumwamuru mtu.